Vifungo Kumi na Kimoja vya Shati

"Kitu kilichoshindwa kufuata amri mezani, mbele ya macho ya watu wazima kumi, hakiwezi kupewa ruhusa ya kuingia kichwani mwa mtoto."

Maneno hayo si yangu. Yaliandikwa miaka miwili iliyopita katika jarida la hospitali hii, ukurasa wa tatu, na mtu ambaye yuko nasi hapa, safu ya mbele, kiti cha pili kutoka mlangoni. Ni sentensi nzuri. Imenyooka, inasomeka, na mzazi yeyote akiisoma ataitikia kwa kichwa. Ina kasoro moja tu: si kweli. Nimepewa dakika ishirini za kumuaga Mama Mizunguko anayestaafu leo, nami nitazitumia kuonyesha kwamba si kweli, kwa sababu sioni namna nyingine ya kumuaga mama huyu kwa haki.

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali. Mheshimiwa Profesa, mwenyekiti wa kamati ya majaribio, pamoja na wajumbe wako wanne. Madaktari na wauguzi wakuu. Wafanyakazi wenzangu wa karakana, wa jikoni, wa kufulia na wa bustani. Watoto na wajukuu wa Mama. Na wewe mwenyewe Mama, uliyekalishwa kwenye kiti chenye mito ambacho najua hukipendi: nimewatambua nyote kwa nafasi zenu, lakini sijawasalimu. Mshereheshaji ananikata jicho. Tangu asubuhi ananifuata akinikumbusha itifaki. Ndugu yangu, tulia, salamu zitakuja. Zitakuja mwisho, na tukifika huko mtaelewa kwa nini zimechelewa.

Miaka thelathini na moja iliyopita Mama aliajiriwa hapa kusuka upya mota zilizoungua. Pampu ya maji ikifa, ilipelekwa kwake. Feni ya wodi ya wazazi ikianza kunuka moshi, ilipelekwa kwake. Mashine ya kufulia mashuka, ile kubwa inayonguruma kama lori, imekufa mara tisa na kufufuliwa mara tisa, na mfufuaji ni huyu hapa. Chumba chake cha ghorofa ya tatu kina meza moja, dirisha moja, magurudumu ya waya wa shaba yaliyopangwa kwa unene, na harufu ya vanishi isiyotoka kwenye nguo hata ufue mara mbili. Mashine yake ya kusukia haina umeme, ina mpini. Mama huzungusha mpini kwa mkono wa kulia, huongoza waya kwa kidole cha kushoto, na huhesabu kwa sauti. Kila akifika hamsini huchukua kifungo cha shati kutoka kwenye kopo la maziwa na kukitia kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, kisha huanza tena kwenye moja. Hamsini, kifungo. Hamsini, kifungo. Vifungo kumi na viwili vikihama vyote, koili, yaani ule mviringo wa waya, ina mizunguko mia sita na kazi imekwisha.

Kuna wanaocheka. Wanasema, karne hii mtu anahesabu kwa vifungo? Tuliwahi kumpelekea kihesabio cha umeme, chenye taa na namba nyekundu. Alikitumia wiki moja, kisha akakirudisha kwenye boksi lake kimefungwa vizuri kuliko kilivyokuja. Nikamuuliza kimekosa nini.

"Hiki kinahesabu mpini," akaniambia. "Mimi nahesabu waya. Mpini unaweza kuzunguka, waya umekwama."

Nimesoma vitabu vingi vya vipimo, vingine vinene kuliko tofali. Sijakutana na maelezo mafupi zaidi ya hayo kuhusu tofauti ya kupima kazi na kupima kelele za kazi. Maofisa wa mipango mlioko humu ndani mngeyaandika ukutani.

Miaka mitatu iliyopita, sisi wahandisi watatu tulipanda ngazi kwenda kwake tukiwa na mchoro. Tulitaka koili nane za kuzunguka kiti, juu, chini na pande zote, ili mtu akikaa pale kichwa chake kiwe katikati. Nakumbuka mazungumzo yale neno kwa neno.

"Ziwe zinalingana, Mama."

"Zilingane kiasi gani?"

"Sawasawa kabisa."

"Hakuna kitu sawasawa kabisa, mwanangu. Mimi nina mapacha, mmoja anakoroma, mwenzake hakoromi. Niambie: mzunguko mmoja ukipungua, kitaharibika nini?"

Tulirudi chini tukapiga hesabu siku mbili ili kumjibu. Swali la kwanza la maana katika mradi wote liliulizwa na mtu ambaye jina lake halikuwa kwenye orodha ya mradi.

Kwa ninyi mnaofanya kazi mbali na karakana, nieleze tunachozungumzia. Wapo watoto ambao maji ya kichwani hayapati njia ya kutoka. Yakijaa, yanabana ubongo. Daktari huweka mrija mwembamba kutoka kichwani hadi tumboni, ukipita chini ya ngozi, na maji hushuka humo. Mrija huo umeokoa watoto wengi, nami sina neno baya juu yake ila moja: unaziba. Mdomo wake wa juu hujaa vijinyama na utando, maji hurudi, mtoto huanza kutapika na kuumwa kichwa, na dawa yake ni kufungua tena kichwa kilekile, penye kovu lilelile.

Sisi tulitengeneza chombo kidogo kuliko kichwa cha pini, chenye umbo la skrubu, kilichopakwa madini yanayoitikia sumaku. Hakina betri. Hakina waya. Hakina akili ya kwake hata chembe. Kinakaa kwenye kijichumba ndani ya mrija kikisubiri. Mtoto akikaa kwenye kiti, umeme ukipita kwenye koili nane, nguvu ya sumaku inazunguka, na chombo kinazunguka nayo. Ukiigeuza nguvu ile, nacho kinageuka. Kinapanda mrija mpaka kwenye mdomo ulioziba, kinajisokota pale pale, kinakwangua, kinasafisha, kisha kinarudi chumbani kwake kulala. Dakika kumi. Hakuna kisu, hakuna usingizi wa dawa, wala hakuna mzazi anayepiga hatua huku na huku kwenye korido.

Karakana tulikiita kiroboto, jina la utani tu. Siku moja mshonaji wa mashuka wa hospitali hii, rafiki wa Mama wa miaka mingi, alikuja kutupimia mapazia. Alikuwa na binti yake, wakati huo ana miaka sita. Akasimama na futi yake mkononi.

"Samahani wakubwa, nimesikia vibaya au mnataka kuwatia watoto viroboto vichwani?"

Tukamweleza. Uso wake ukabadilika. Alimvuta binti yake karibu, akamgeuza, akafunua nywele nyuma ya sikio. Tukaona kovu. Alikuwa ameshafunguliwa mara nne.

Binti mwenyewe hakuwa na habari na nyuso zetu. Alikuwa ameinamia kioo cha kukuzia.

"Kinakula nini?"

"Hakili," nikamjibu. "Kinafagia tu."

"Kinafagia halafu hakili?" Akainua kichwa. "Kama mama."

Mshonaji alicheka mpaka akakaa chini juu ya mapazia. Naona na humu ndani mmecheka. Wanaume, msicheke sana.

Sasa niwapeleke kwenye ile siku. Miaka miwili iliyopita kamati ya majaribio ilialikwa kuona kiroboto kikifanya kazi. Hatukuwa tunaomba kukiweka kwa mtoto, tulikuwa tunaomba watazame tu. Tuliweka mezani mrija wa kioo wenye njia panda, mmoja kulia, mmoja kushoto, katikati ya zile koili nane. Watu wazima kumi walisimama kuzunguka meza. Tulikiamuru kiroboto kwenda kulia. Kikaondoka vizuri, kikafika njia panda, kikasitasita, kikaenda kushoto, kikajibana ukutani na kubaki hapo kama mtoto aliyenuna. Tukarudia. Kushoto. Tukarudia tena. Kushoto. Mjumbe mmoja akasema, si kwa ubaya, "Labda hakitaki." Watu wakacheka, wakavaa makoti yao, wakaenda. Wiki iliyofuata ikatoka ile sentensi niliyoanza nayo.

Nilijibu. Wanaosoma jarida letu wanajua nilijibu kurasa mbili nzima, na kwamba Profesa alinijibu, nami nikamjibu tena, mpaka mhariri akatuomba tumwachie nafasi ya matangazo ya chanjo. Hoja zangu sizijutii. Nalijutia neno moja. Niliandika kwamba Profesa ana macho lakini anayatumia kusomea tu vyeti vya wenzake. Profesa, neno lile nalifuta mbele ya wote hawa, na baada ya dakika chache mtajua kwa nini nalifuta leo.

Wakati mimi napigana kwenye karatasi, Mama alifanya kazi. Alizichukua koili zote nane akaanza kuzifumua, moja baada ya nyingine, mzunguko kwa mzunguko, akihesabu kurudi nyuma. Ilimchukua siku nne. Koili ya kwanza, mia sita. Ya pili, mia sita. Alipofika ya sita, waya uliisha vifungo vikiwa vimehama kumi na kimoja. Mizunguko mia tano na hamsini. Koili moja dhaifu upande mmoja wa meza, na mwenzake wa upande wa pili ana nguvu zake zote. Ni wazi kiroboto kingevutwa wapi.

Aliniita, akanionyesha makopo mawili, akasema, "Nimekosea. Andika ni mimi." Nikamuuliza imekuwaje, mtu ambaye hajakosea miaka yote. Akasema, "Nilipoteza hesabu." Basi. Hapo ndipo mlango ulipofungwa, na mnaomjua mnajua akifunga mlango haufunguki.

Nami niseme la kwetu, kwa kuwa leo ni siku ya kusema. Mizani tulikuwa nayo. Koili yenye waya pungufu ni nyepesi, na mizani ingetuambia. Tulipima ya kwanza, tukapima ya pili na ya tatu, zikawa sawa mpaka tukaona haya. Tukasemezana: tunampima nani, huyu mama? Ni kama kumhesabia vidole. Tano zilizobaki hatukuziweka kwenye mizani. Tuliiita heshima. Ulikuwa uzembe uliovaa nguo za heshima.

Tangu wiki ile kukawa na kitambaa chekundu kwenye mlango wa ghorofa ya tatu. Kitambaa kikining'inia, hakuna kusalimu. Awe daktari, awe mgeni, awe ndugu wa damu, unapita kimya. Mwanzoni watu walinung'unika kwamba Mama amepata kiburi. Halafu wakazoea, na saa nne, kitambaa kikishushwa, Mama alitoka kwenye korido na kumsalimu kila mmoja kwa zamu, habari za nyumbani, habari za mgongo, habari za yule mtoto aliyekuwa na homa. Kuna mbeba mitungi ya oksijeni aliyekuwa akipita mbele ya mlango ule huku akipiga kelele, "Mama, leo nimekusalimu kimoyomoyo!" Na sauti ikatoka ndani, bila kukosa hesabu, "Ishirini na moja, nimeitikia kimoyomoyo, ishirini na mbili!"

Miaka miwili nilidhani kitambaa kile ni utaratibu wa kazi tu. Wiki tatu zilizopita, tulipokuwa tunapanga shughuli hii, mshonaji alinishika mkono akaniambia yaliyotokea siku ile koili ya sita ilipokuwa inasukwa. Yeye alikuwapo chumbani, amekaa dirishani anapindia pazia.

Mama alikuwa ametoka kumzika mama yake mzazi. Alirudi kazini siku ya tano kwa sababu jaribio la kamati lilikuwa karibu na koili zilikuwa bado tatu. Hapa hospitalini wakubwa wote walipata taarifa ya msiba ule. Ilibandikwa ubaoni. Mimi mwenyewe niliisoma, nikajiambia nitampa pole nikimaliza jambo fulani, na jambo lile sikumbuki hata lilikuwa nini. Mkubwa mmoja tu ndiye aliyepanda ngazi. Alipanda ghorofa tatu na goti bovu, akishika ukuta, kwa kuwa lifti ilikuwa imekufa. Akasimama mlangoni akihema.

"Mama, habari za kazi?"

"Arobaini na tisa, hamsini... Nzuri, mheshimiwa, karibu." Na Mama akachukua kifungo, akakitia koponi, akaachia mpini, akasimama.

"Kaa, kaa, usisumbuke. Nimekuja kukupa pole. Mama alikuwa na umri gani?"

"Themanini na mbili."

"Alikulea vizuri. Tunaona matunda yake hapa. Pole sana, Mama. Pole sana."

Wakazungumza dakika kumi. Mshonaji anasema mgeni yule hakuwa na haraka, aliuliza habari za ndugu mmoja mmoja. Alipoondoka, Mama akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akakaa, akatazama makopo. Akamuuliza mshonaji, "Kifungo cha hamsini hii nilikihamisha?" Mshonaji alikuwa na pini mdomoni, hakuwa ametazama. Mama akafikiri. Akachukua kifungo, akakihamisha. Kifungo cha pili kwa mizunguko hamsini ileile.

Profesa, mgeni yule ulikuwa wewe.

Naona umevua miwani. Subiri, sijamaliza, na Mama ameniagiza. Leo asubuhi nilikwenda kumwomba ruhusa ya kusema haya, maana kwa miaka miwili alimfunga mshonaji mdomo. Alikuwa anaogopa utajilaumu. Akasema: "Mwambie. Mtoto yule hawezi kungojea haya yangu. Lakini mwambie kwa adabu. Umwambie pia kwamba alinisalimia vizuri, na kwamba ningekaa vipi, mtu mzima amesimama mlangoni mwangu ananipa pole ya mama yangu?"

Basi nimekwambia. Ulifanya jambo jema kuliko sisi wote. Yeye alifanya lililo la lazima kwa mtu aliyelelewa. Na kutoka kwenye mambo mawili mazuri, pamoja na uvivu wetu wa kutotumia mizani, ikatoka koili yenye vifungo kumi na kimoja.

Sasa turudi kwenye sentensi yako, kwa sababu bado ninaidai. Uliandika kwamba kitu kile kilishindwa kufuata amri. Je, kilishindwa? Hebu kitazame tena pale mezani. Koili saba zilikivuta kwa nguvu kamili, moja kwa nguvu pungufu. Jumla ya amri zote, ukizipiga hesabu, ilikuwa inasema: kushoto. Nacho kilikwenda kushoto. Tulirudia mara tatu, kikaenda kushoto mara tatu. Profesa, kile hakikuwa chombo kikaidi, kilikuwa chombo chenye utii wa kutisha! Midomo yetu ilisema kulia, waya wetu ulisema kushoto, kikasikiliza waya. Katika chumba kile siku ile, kitu pekee kilichofanya kilichoambiwa, bila kuongeza wala kupunguza, kilikuwa kile kidogo kuliko vyote. Waliokosea walikuwa na urefu wa mita moja na nusu kwenda juu.

Je, nani alipaswa kuhukumiwa? Hukumu iliyotolewa dhidi ya kiroboto ilikuwa hukumu dhidi yetu, tukambebesha asiyeweza kujitetea.

Koili ya sita ilisukwa upya. Sasa kila koili inapimwa kwenye mizani, hata ingekuwa imesukwa na malaika, na Mama ndiye anayesimama pembeni kuhakikisha tunapima. Tangu hapo kiroboto kimepita njia panda ile mara mia mbili na kumi na nne. Kimekosea mara tatu, na sitazificha. Mara mbili umeme ulikatika, nacho kikasimama pale kilipo, kikangoja, umeme ukarudi, kikaendelea. Hayo ndiyo madhara yake yote umeme ukikatika: kinakaa. Mara ya tatu kiliyumba kwa sababu mtu aliingia na mkasi wa chuma mfukoni. Mtu huyo ni mshonaji. Amenipa ruhusa ya kumtaja ili mjue kwamba hata mama mwenye mtoto anayesubiri hatukumficha.

Lipo swali moja gumu, nalo Profesa aliliuliza kwa haki: mtoto mwenye kiroboto akihitaji kupigwa picha kwenye ile mashine kubwa ya sumaku, itakuwaje? Tumelijaribu. Kiroboto hakivunjiki, lakini kinageuka na kuvutwa, kwa hiyo mtoto huyo hataingia humo hovyo. Atabeba kadi na daktari ataijua. Ni usumbufu. Nauweka mezani kama usumbufu. Uwekeni kwenye mizani pamoja na kisu, muone upi mzito.

Wapo wengine, si Profesa, wanaosema kwa sauti ya chini kwenye korido: kwa nini sisi? Tungoje wenzetu wenye maabara kubwa waanze, tutanunua ikiwa tayari. Ninyi ndio mnanichosha kuliko wote, maana Profesa anabisha mchana kweupe na kuweka sahihi yake chini. Kungoja mnakuona kama kukaa bila kufanya kitu. Mtoto wa mshonaji alifunguliwa mara ya tano tukiwa tunangoja. Akafunguliwa mara ya sita tukiwa tunangoja. Kungoja nako ni upasuaji, tofauti ni kwamba anayeshika kisu hatajwi kwenye ripoti.

Binti yule sasa ana miaka tisa. Yuko pale nyuma, mwenye gauni la njano, na kama mnavyoona amerefuka. Kurefuka huko ndiko kunakomleta tena hapa: mrija umekuwa mfupi kwa mwili wake. Tarehe kumi na nne mwezi ujao ataingia chumba cha upasuaji kubadilishiwa. Hilo halina mjadala, tarehe imepangwa, kitanda kimepangwa. Mrija mpya utawekwa. Linalobaki ni moja tu, na ndilo litakaloamuliwa Jumatatu: utakuwa mrija mtupu, utakaoziba kama ile mingine, au utakuwa mrija wenye kiroboto ndani?

Na koili zitakazokiongoza, mnajua zimesukwa na nani? Mwaka mzima uliopita, kila alipomaliza mashuka yake, mshonaji alipanda ghorofa ya tatu kujifunza. Mikono ya cherehani inajua kuongoza uzi, na waya wa shaba ni uzi mgumu kidogo. Mama alimkalia kooni. Alimfumulisha koili ya kwanza mara saba. Mara ya nane akaipima, akairudisha kwenye mizani akaipima tena, halafu akampa lile kopo la vifungo. Leo Mama anaondoka na chumba kina mwenyewe. Kwa hiyo wale waliokwisha kuleta vitanda vibovu hadi ngazi ya pili wakidhani ghorofa ya tatu itakuwa stoo, watavirudisha walikovitoa.

Mama, umetufundisha kusuka, na umetufundisha kufumua. La pili ndilo gumu. Wengi wetu tungesema koili ni nzima na kulaumu meza. Wewe ulikaa siku nne ukihesabu kurudi nyuma kutafuta kosa lako mwenyewe, ulipolipata ukalibeba peke yako, na ukalibeba kwa kumlinda mtu aliyekuandama kwenye jarida bila kujua. Hospitali hii itakupa saa ya ukutani. Ni saa nzuri, nimeiona. Lakini zawadi unayoitaka haimo kwenye karatasi ya maua. Imo mikononi mwa watu watano walioko safu ya mbele, nami sasa nageukia kwao.

Profesa, na ninyi wajumbe wanne. Kikao chenu ni Jumatatu saa tano. Njooni ghorofa ya tatu saa tatu. Acheni funguo, simu na saa zenu mlangoni, goti likigoma tutakubeba, Profesa, na simaanishi utani. Mtakuta mrija wa kioo wenye njia panda na koili nane, mtazipima wenyewe moja baada ya moja. Kisha ninyi ndio mtaamua, kulia au kushoto, mtaje pale pale, tusijue kabla. Rudieni mara ishirini, rudieni hamsini, vifungo vya kuhesabia tunavyo. Halafu teremkeni mkaandike ndiyo au hapana. Mkiandika hapana, sababu yake itoke kwenye mtakachokiona Jumatatu, isitoke kwenye koili ya miaka miwili iliyopita, na mmoja wenu aishike karatasi ile kwa mkono wake, aipeleke mpaka kwenye meza ya mshonaji, amsomee yeye na binti yake wakiwa wamekaa pamoja.

Hesabu yangu imekwisha, kitambaa kimeshuka. Sasa naomba ukumbi mzima usimame, isipokuwa mtu mmoja. Profesa, anza wewe. Salamu yako ya siku ile ilikuwa nzuri na haikustahili kukumbukwa kwa majonzi, irudie. Na wewe Mama, safari hii itika ukiwa umekaa.

Nawashukuru kwa kunisikiliza muda wote huu bila kusalimiwa. Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo? Wajumbe wa kamati: Jumatatu, saa tatu.